Mto wa Wageni

Nataka leo niwapeleke kwenye bonde ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika, kwa sababu nimelitunga mwenyewe juzi nikiwa shambani. Tulieni. Mama zangu mlioko nyuma, sogeeni kidogo, habari yenyewe ni ya sauti ndogo.

Bonde hilo liko chini ya milima yenye ukungu. Asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye mapaa, ng'ombe wakionekana ni miguu tu, na mtu akikusalimia njiani unaisikia sauti kabla hujamwona mwenye sauti. Katikati unapita mto. Si mto mkubwa. Mtoto wa darasa la tano anauvuka bila kulowesha kaptura. Lakini watu wa pale walizaliwa wakiusikia, wakalala wakiusikia, na mgeni akiwauliza mto wenu unasemaje, walimshangaa, kwa sababu hawakukumbuka kama kuna mahali duniani ambapo mtu analala kwenye ukimya.

Kila mwaka kiangazi kikikaribia kwisha, walifanya Siku ya Mto. Walishuka wote ukingoni. Asubuhi waliokota chupa na mifuko iliyonasa kwenye majani, wakapanda miche ya mikuyu na mianzi. Mchana watoto walishindanisha vimashua vya magome ya migomba, kwaya za makanisa na madufu ya madrasa wakapokezana, na akina mama wakapakua makande kwenye masufuria makubwa. Mgeni rasmi alikuja na gari, akahutubia, akapiga makofi, akaondoka.

Mwenyekiti wa sikukuu hiyo tumwite Mbonea. Mkulima wa nyanya, mtu mzima, mwenye sauti nzuri ya besi. Msidhani alikuwa mnafiki. Alikuwa anaupenda ule mto kweli. Siku ya Mto ikikaribia hakupata usingizi kama bwana harusi.

Sasa Mbonea alikuwa na dada yake mkubwa, Namkunda, aliyeolewa Tanga zamani. Huko alishona sare za shule maisha yake yote, akafiwa na mume, watoto wakatawanyika, na mwisho presha ya macho ikamchukulia macho yake. Haikuyachukua kwa mkupuo. Kwanza ilichukua vitu vya mbali: kibao cha duka upande wa pili wa barabara, minazi kule mwisho. Kisha tundu la sindano. Kisha nyuso za watu. Siku moja aliuliza kwa nini hawajawasha taa, na hakuna aliyemjibu, akajua.

Mtu aliyepoteza macho anatafuta nini? Mimi sijui, ila Namkunda alitafuta mto. Alianza kuuota. Katika ndoto alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba nyumbani kwa mama yao, ile nyumba iliyo jirani kabisa na maji, na mto ulikuwa ukizungumza nje ya dirisha kama wageni waliokaa sebuleni wakipiga stori kwa sauti ya chini wasiamshe watoto. Alikuwa akiamka Tanga, anasikia pikipiki.

Kisha msibani akakutana na mtu wa upande wa kwao, naye akamwambia, "Mto wenu? Ule umekwisha, mama. Nilipita mwezi wa nane, nikavuka kwa viatu."

Namkunda akampigia simu mdogo wake.

"Mbonea, mto upo?"

"Upo, dada."

"Nimeambiwa umekwisha."

"Watu wanasema mengi. Njoo Siku ya Mto usikilize mwenyewe."

Ndugu zangu, je, Mbonea alidanganya? Subirini kabla hamjamhukumu. Mto ulikuwepo. Kule juu, nyuma ya kilima cha kwanza, ulikuwa unatoka mlimani vizuri kama siku zote. Ila kule kule nyuma ya kilima ndiko yalikokuwa mashamba: vitunguu, kabichi, hoho, na nyanya za Mbonea mwenyewe. Kila shamba lilikuwa na mashine ya kuvuta maji, na mpira umezamishwa mtoni. Zamani zilikuwa mashine chache. Kisha jirani akanunua, na jirani wa jirani. Kila mmoja alichota kidogo, na kila mmoja alisema ukweli aliposema kwamba amechota kidogo. Kiangazi kikishika, maji yaliyofika bondeni yalikuwa ni unyevu tu chini ya mawe. Na kwa kuwa yalipungua polepole, hakuna aliyekumbuka ni asubuhi ipi aliyoamka akakuta kimya.

Basi Mbonea akafanya kitu. Siku ya Mto ilipokaribia, alipita shamba kwa shamba, akiwa amevaa fulana yake ya kijani ya kamati. Aliwaomba wazime mashine. Siku moja tu, kwa ajili ya sikukuu. Hakuna aliyekataa. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyelima kabichi, mkali kidogo, akamuuliza, "Siku moja, Mwenyekiti, halafu?"

"Halafu unaendelea na kazi yako."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

Yule mama akacheka. "Sawa. Tuufungulie mto, uwasalimie wageni."

Jioni ya kuamkia sikukuu mashine zikazimwa. Na alfajiri, wakati ukungu bado umelala chini, Mbonea akashuka peke yake hadi ukingoni, akasimama kwenye mawe makavu akingoja.

Kwanza hakuona kitu. Kisha mawe ya juu yakaanza kubadilika rangi, moja baada ya jingine, kutoka kijivu kwenda nyeusi. Halafu akaona maji yenyewe. Yalikuja taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi na hana hakika kama mlango ni ule ule. Yalitangulizwa na majani makavu na povu jembamba. Yalifika kwenye shimo, yakatulia hadi likajaa, yakaendelea. Yakaufikia mzizi wa mkuyu, yakauzunguka. Yakafika kwenye vidole vyake. Yalikuwa ya baridi. Na nyuma yake, kule yalikotoka, ile sauti ikaanza.

Mbonea akalia, mtu mzima. Kwa dakika zile, kwenye ukungu ule, alisahau kabisa kwamba ni yeye aliyepita kuomba mashine zizimwe. Aliamini mto umerudi wenyewe.

Mmewahi kuona hiyo? Mtu anapanga jambo lionekane, halafu analiona, halafu analiamini.

Namkunda aliletwa mchana, ameshikwa mkono na wifi yake. Hawakuwa wamefika ukingoni aliposimama njiani. Akainua kidevu. Watu waliokuwa nyuma yake wakasimama nao.

"Huyo," akasema.

Akaketishwa kwenye jiwe, akavua viatu, akatia miguu. Kwaya ziliimba, madufu yakapigwa, vimashua vya migomba vikateremka huku watoto wakikimbia navyo ukingoni. Mgeni rasmi akashika kipaza sauti, akasema hajawahi kuona wananchi wanaoulinda mto wao namna hii. Akasema bonde hili ni la mfano. Watu wakapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu zaidi ni wenye mashamba ya kule juu. Namkunda hakusikia hotuba. Alikuwa amefumba macho yake yasiyoona, kama msichana anayesukwa nywele na mama yake, na kila mara alisogeza mguu kidogo ili maji yabadilishe wimbo.

Jioni akamwita mdogo wake. "Sirudi Tanga."

"Dada?"

"Nitakaa nyumba ya mama. Nitengenezeeni paa tu. Mimi kuona sitaona tena, nimekubali. Lakini nikiamka na kumsikia huyu, nitajua niko wapi."

Hapo ndipo, ndugu zangu. Hapo hapo. Mbonea alifungua mdomo aseme. Lakini kwaya ya vijana ilikuwa inaanza wimbo wa mwisho, watu walikuwa wamemshika mabega wakimpongeza, na dada yake alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu wakiwa wadogo. Akasema, "Sawa, dada. Tutakutengenezea paa."

Usiku ule ule, kule nyuma ya kilima, mashine zikawashwa.

Namkunda aliamka nyumbani kwa mama yake, chini ya paa lisilotengenezwa bado. Kitanda kilikuwa cha kamba. Harufu ilikuwa ile ile, ya moshi na udongo uliolowa umande. Akalala kimya angojee. Jogoo akawika, akamsikia. Wifi yake akapita nje akimwita mbuzi, akamsikia. Mto hakuusikia. Akageukia dirishani. Akainuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akatoa kichwa nje. Ukungu ukamgusa usoni. Hakukuwa na kitu.

Sasa nisikilizeni. Alifikiri nini huyu mama? Angefikiri kwamba mto alioutumbukizia miguu jana yake, mto ulioimbiwa na watu wote wa bonde, umeondoka? Nani angefikiri hivyo? Alirudi kitandani akakaa, akashika masikio yake kwa mikono miwili. Akakumbuka jinsi macho yalivyoanza: kwanza vitu vya mbali na vidogo, kisha vya karibu. Akasema moyoni, imeanza tena. Sasa ni zamu ya masikio.

Hakumwambia mtu. Hakutaka kuwa mzigo. Ila tangu siku ile akawa na tabia mpya. Jirani akija kumjulia hali, hamwachi aondoke. Anamwambia, kaa, nisimulie, simulia chochote. Alimpigia simu mjukuu wake Tanga, akamwomba amwimbie, na mtoto alipomaliza akamwomba arudie. Jioni wifi yake alipotwanga, Namkunda alikuja kukaa karibu ya kinu akisikiliza kama mtu aliye kanisani. Watu wakasema, mama huyu amepata upweke. Kumbe alikuwa anajaza ghala.

Mbonea alikuwa anakwepa nyumba ile. Kila alipopita njiani alipita haraka. Mwishowe akaenda, amebeba kikapu cha nyanya. Akamkuta dada yake amekaa kizingitini, uso ameuelekeza mtoni, kwenye mawe makavu.

"Mbonea, ni wewe? Kaa. Ongea."

"Niongee nini, dada?"

"Chochote, ila kiwe kirefu. Nataka niishike sauti yako vizuri kabla haijaondoka."

"Iondoke iende wapi?"

Akamwambia. Alimweleza kwa utulivu, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Asubuhi ya kwanza hakuusikia mto, asubuhi zilizofuata pia hakuusikia, na macho yalianza hivyo hivyo. "Nilisali," akasema. "Nikamwambia Mungu, ukichukua mto, chukua. Lakini niachie sauti za watu kidogo. Basi ongea."



Angeweza kunyamaza, mnajua. Angeweza kusema pole dada, tutakupeleka hospitali. Wangapi wetu tungesema hivyo? Aliketi pale chini, kikapu magotini, akatazama masikio ya dada yake. Masikio mazima. Mwishowe akasema, "Dada, huna ugonjwa. Mto ndio haupo."

Namkunda akageuza uso.

Mbonea akamweleza yote: mashine, mipira, mashamba ya nyuma ya kilima, alivyopita akiomba wazime siku moja. Hakuficha nyanya zake. Alipomaliza palikuwa kimya, kimya kile kile, ila sasa wote wawili walikuwa wanakisikia.

"Kwa hiyo siku ile," Namkunda akasema, "mlinisikilizisha nini?"

"Mto, dada. Ulikuwa ni mto kweli."

"Mto wa nani?"

Mbonea akafikiri, akajibu kama alivyoambiwa na yule mama wa kabichi. "Wa wageni."

"Na mimi nikawa mgeni," akasema Namkunda. "Nimezaliwa humu ndani, Mbonea. Nilidhani ninakufa kipande kipande. Mkaniacha nidhani hivyo."

Hakupaza sauti. Angepaza, Mbonea angepumua. Mbonea akainuka, akaacha kikapu, akapanda kilima moja kwa moja, akazima mashine yake.

Sasa msitegemee niwaambie kwamba siku ile ile mto ulijaa. Mashine moja si kitu. Nyanya zake nusu zikakauka, na watu wakamwona amechanganyikiwa. Aliita kikao, wakaja wachache. Yule mama wa kabichi akamwambia mbele ya watu, "Watoto wangu wanakula kabichi hizi. Nizime, wale nyimbo za kwaya?" Na alikuwa na haki. Mbonea hakubishana naye. Alimwomba jambo moja tu: kabla ya kukataa, aende akakae na Namkunda kizingitini kwa muda.

Yule mama akaenda akiwa bado na hasira. Wakakaa. Hatujui walizungumza nini. Tunachojua ni kwamba alirudi akasema, "Tupange zamu."

Wakapanga zamu. Waliopata leo hawapati kesho, na katikati mto upite. Wengine waliiba zamu. Wengine waliacha vitunguu wakalima kitu kisichokunywa maji sana. Waligombana, wakapatana, wakagombana tena. Miezi ikapita hivyo.

Mwaka uliofuata kamati ilikutana kupanga tarehe ya Siku ya Mto, na safari hii Namkunda alikuwamo kwenye kamati. Akasema hataki tarehe. Wakamuuliza, sikukuu bila tarehe itakuwaje? Akasema, "Ngoma iwekwe kwangu. Mimi nipo pale kila siku. Asubuhi nitakayoamka nikasikia mto, bila mtu kupita akiomba mashine zizimwe, nitapiga. Hiyo ndiyo Siku ya Mto. Nisiposikia, mwaka huu hatuna sikukuu."

Wakacheka, lakini ngoma wakampelekea.

Kiangazi kikaingia. Mwezi ule waliozoea kusherehekea ukapita, na ngoma haikulia. Watoto waliuliza. Mgeni rasmi alipiga simu kuuliza tarehe, akaambiwa haijulikani, akaona ni dharau. Watu wakaanza kuwa na mazoea ya ajabu: mtu akiwa amelala asubuhi, kabla hajafungua macho, anatega sikio kwanza. Na mtu aliyekuwa kwenye zamu ya maji alizima mapema kidogo kuliko ilivyopangwa. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akisema, pengine kesho.

Na ikawa Jumanne moja. Si siku ya soko, si siku ya ibada. Watu walikuwa mashambani na majembe yao, wengine hawajanawa uso. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuna aliyemwona mwenzake. Na ngoma ikalia. Ililia vibaya, kwa sababu kipofu yule hakuwa mpiga ngoma, ila ililia. Wakaacha majembe. Walishuka kutoka kila upande ndani ya ule weupe, wakisikia tu hatua za wenzao, hadi wakafika ukingoni. Ulikuwa unapita. Mwembamba, wa kiangazi, ila ulikuwa unapita. Hapakuwa na fulana za kijani, wala kipaza sauti, wala makande. Yule mama wa kabichi alikuwa amesimama na matope hadi magotini, amemshika Namkunda mkono. Mbonea alikuwa nyuma ya watu, na hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote.

Habari yangu imeishia hapo. Sasa tuongee sisi.

Jumamosi ijayo na sisi tunashuka kwenye mto wetu. Tutaokota takataka, tutapanda miti, tutaimba. Ni vizuri, na mimi nitakuwepo. Lakini nauliza: nyuma ya kilima kuna nini? Maji ya kuoshea magari yanakwenda wapi? Yale mabomba ya vyoo yanayoelekea bondeni ni ya nani? Mpira uliozama pale kwenye matete, mwenyewe hayumo humu ndani? Sihitaji kunyoosha kidole. Mwenye mpira anajua ulipo.

Na msidhani nasema juu ya maji peke yake. Kuna mto mwingine ambao sisi tunaufungulia asubuhi kama ya leo. Tunavaa vizuri, tunasalimiana kwa upole, baba anambeba mtoto, mume anamshika mke mkono pale mlangoni. Mchungaji anatazama kutoka mimbarini, anasema, bonde hili ni la mfano. Kisha tunarudi nyumbani na kuwasha mashine.

Mnajua anayeumia ni nani? Si mgeni. Mgeni ameshaondoka na gari lake. Anayeumia ni yule anayekaa ukingoni siku zote. Ni mkeo aliyekusikia ukiomba hapa kwa machozi, na nyumbani hapati neno. Ni mtoto wako aliyeona upendo wako Jumapili kanisani, akaamka kesho yake akakuta mawe makavu. Hawezi kuamini kwamba wewe ndiye umenyamaza. Amekusikia mwenyewe ukitiririka. Kwa hiyo anajishika masikio. Anasema, tatizo ni mimi. Mimi ndiye nisiyependeka, mimi ndiye kiziwi. Na anaishi hivyo, ndugu zangu, anakua hivyo, anamwomba Mungu amponye ugonjwa asionao.

Nendeni mkamwambie leo kwamba masikio yake ni mazima. Msingoje chakula cha mchana. Mwambieni, ni mimi nilikauka.

Mungu wetu naye hatafuti tarehe. Haji na msafara, hatumi barua kuuliza ni lini mtakuwa mmejiandaa. Ameketi kizingitini, kimya, uso ameuelekeza kwetu, anasikiliza. Leo anatusikia, kwa maana leo tumefungulia. Kesho ni Jumatatu.

Simameni tuombe.